Somo: Kupeleka Uyoga wa Uganda Nje, Kuanzia Bandani Hadi Entebbe

Wengi wenu mnapouliza kuhusu soko la nje, jambo la kwanza mnalotaka ni namba ya simu ya mnunuzi. Mimi leo naanza na maji. Uyoga wa mamama, ambao hapa kwetu wengi wanauita oista, una maji takribani sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake siku unapovunwa. Ukiupandisha ndege mbichi, umelipia maji nauli. Na wenyewe hausubiri: kwenye joto la kawaida huanza kulegea ndani ya siku moja au mbili, na hata kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 4 ni wiki moja hivi. Ulaya wana Poland inayowapelekea uyoga mbichi kwa lori, na China ndiyo inayozalisha uyoga mwingi kuliko nchi yoyote duniani. Hapo hatushindani. Mbichi uuze Kampala, au uvushe mipaka ya karibu ukiwa na gari la baridi. Ng'ambo peleka mkavu.

Hatua ya kwanza: chagua uyoga gani. Mamama ni rahisi kulima na mbegu zake zinapatikana. Shiitake hukawia zaidi na huhitaji ubaridi, ndiyo maana milima ya Kabale na Kisoro inaufaa, lakini ukikaushwa harufu yake huongezeka na bei yake huwa juu ya mamama. Kuna pia uyoga wa porini unaoota kwenye vichuguu, ule tunaoupenda sote msimu wa mvua. Huo haulimwi, kwa sababu unaishi kwa kutegemeana na mchwa, na kwa Umoja wa Ulaya kuna mtego: chakula ambacho hakikuliwa kule kwa kiasi cha maana kabla ya tarehe 15 Mei 1997 huhesabiwa kuwa chakula kipya na huhitaji kibali maalumu. Kabla hujakusanya gunia hata moja, mwambie mnunuzi wako aulize mamlaka ya nchi yake kuhusu jina la kisayansi la uyoga huo. Mamama na shiitake hazina tatizo hilo.

Hatua ya pili: piga hesabu kwa kurudi nyuma. Mnunuzi akitaka kilo 300 kavu, wewe unahitaji kama kilo 3,000 mbichi. Kila kilo ya makapi makavu, yaani mabaki ya mazao unayooteshea uyoga, hutoa kati ya nusu kilo na kilo moja ya uyoga mbichi, kulingana na mbegu na usafi wa banda. Kwa hiyo unazungumzia tani 3 hadi 6 za makapi. Mwenye mifuko mia mbili nyuma ya nyumba asiahidi kontena.

Hatua ya tatu ni kukausha, na hapa ndipo biashara inapokufa au kupona. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha uyoga mkavu kinataka unyevu usiozidi asilimia 12, na shiitake asilimia 13. Kuanika kwenye turubai uwanjani hakukufikishi huko kwa uhakika, tena kuku na vumbi la barabara havijui kiwango. Tumia kikaushio cha jua chenye paa la nailoni na chekecheke zilizoinuliwa, au cha umeme, joto likiwa nyuzi 45 hadi 60. Ukizidisha, uyoga unageuka kahawia na kuwa mgumu nje huku ndani ukiwa bado na maji. Kata vikonyo kwanza, panga kofia zisipandane, na kubwa zikae mbali na ndogo ili zikauke kwa mwendo mmoja.

Kupima unyevu si lazima ununue mashine ya bei mbaya mwanzoni. Chukua gramu 100, weka kwenye ovena ya nyuzi 105, pima kila baada ya muda mpaka uzito uache kushuka. Zikibaki gramu 88 au zaidi, umefika. Kisha fungasha siku hiyohiyo. Hewa yetu ya kandokando ya Ziwa Victoria ina unyevu mwingi, na uyoga mkavu huunyonya upesi; ulioachwa wazi usiku kucha asubuhi unapinda badala ya kukatika.

Hatua ya nne: boksi. Ndege hulipisha uzito ulio mkubwa kati ya uzito wa mzani na uzito wa ujazo. Uzito wa ujazo ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 ni kilo 16. Tuseme ndani umeweka kilo 6 za kofia kavu: nauli utalipa ya kilo 16. Watu wengi hugundua jambo hili kwenye kaunta ya mizigo Entebbe, baada ya kukubaliana bei. Uliza nauli kwanza, ndipo utaje bei. Mzigo mkubwa usio na haraka upeleke Mombasa, uende kwa meli, maana mkavu uliofungwa vizuri hauharibiki njiani.

Hatua ya tano, karatasi. Sajili kampuni au kikundi URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, kisha chukua TIN, namba ya mlipakodi, kutoka URA, mamlaka ya mapato. Wizara ya Kilimo ndiyo inayotoa cheti cha afya ya mimea baada ya ukaguzi. UNBS, shirika la viwango la Uganda, wanahusika na viwango. Wakala wa forodha ataingiza tamko lako kwenye mfumo wa URA. Hakikisha anaandika namba sahihi ya ushuru: shiitake kavu ni 0712.34, mamama kavu huingia 0712.39. Ukienda Ulaya, Uganda inaingiza bila ushuru kama nchi maskini, mradi asili ithibitishwe: mzigo usiozidi yuro 6,000 unaandika tamko mwenyewe kwenye ankara, ukizidi lazima uwe umesajiliwa katika REX, mfumo wa Ulaya wa wauzaji nje waliosajiliwa. Mnunuzi pia ataomba vipimo vya maabara vya metali za kadimiamu na risasi, na vya mabaki ya dawa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Lira: Mwalimu, mimi natumia makapi ya pamba ya kiwandani. Naweza kuandika kwamba ni uyoga wa kilimo hai?

Hapana, ndugu yangu, si kwa sababu tu wewe hukupulizia dawa. Sheria za kilimo hai za Ulaya huangalia pia chakula cha uyoga kilitoka wapi. Pamba iliyopuliziwa inakuharibia. Tafuta mabua ya maharage au ngano kutoka shamba lililothibitishwa. Alama yetu ya Kilimohai ni nzuri kwa Afrika Mashariki, lakini Ulaya wanataka cheti chao.

Kutoka Kasese: Tuko akina mama wengi, kila mmoja ana kidogo. Tuunganishe?

Unganisheni, dada, ila msiunganishe mifuko iliyokaushwa majumbani. Leteni mbichi mahali pamoja, kikaushio kimoja, mpimaji mmoja. Kila siku ya mavuno iwe na namba yake kwenye mfuko na daftarini jina la mama aliyeleta. Maabara wakikuta kasoro, mtatoa mzigo wa siku moja badala ya kupoteza wote.

Kutoka Mbarara: Mnunuzi wa Dubai anataka nitume dola za usajili kwanza.

Mwache. Anayenunua ndiye anayelipa. Tuma sampuli, pokea malipo ya awali, au adai benki yake itoe barua ya dhamana ya malipo.

Kutoka Jinja: Marekani je, kupitia AGOA?

Uganda iliondolewa AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Njia haijafungwa, lakini ushuru utalipwa, na ghala lako lazima lisajiliwe FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na taarifa itangulie kabla mzigo haujafika.

Kutoka Busia: Mimi napitisha kwa boda njia ya panya. Karatasi zitanisaidia nini?

Kaka, siku mzigo ukikamatwa huna hata ankara ya kuonyesha. Na siku mnunuzi wa mbali akiuliza umewahi kuuza nje, huna ushahidi. Mzigo usiozidi dola 2,000, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapita kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: fomu fupi pale mpakani pamoja na cheti chepesi cha asili. Nenda dawati la wafanyabiashara wadogo, uulize orodha ya sasa, na kila fomu watakayokugongea mhuri itunze nakala.