Geuza viatu vyako utazame soli

Kama kiuno kinakuuma miezi nenda miezi rudi, hasa upande mmoja, chukua viatu ulivyovivaa muda mrefu uvigeuze. Vyangu, kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande hadi kubaki kama kabari, cha kushoto kizima kabisa. Kumbe nilikuwa nasimama nimeegemea mguu mmoja siku nzima, na pochi nene ya mfuko wa nyuma ikininyanyua nyonga kila nikikaa. Pochi niliihamisha siku hiyohiyo.

Ila usikimbilie kujiongezea kisigino ndani ya kiatu ukidhani mguu mmoja ni mfupi. Watu wengi miguu yao imepishana urefu kwa milimita chache na wala hawaumwi. Wakati mwingine mifupa iko sawa, ni misuli iliyokaza ndiyo inavuta nyonga. Acha mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) apime kwanza. Begi nalo, libadilishe bega (najua utasahau, hata mimi bado nasahau).

Ukianza kuhisi ganzi kati ya mapaja, kuzunguka sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo, hapo haya yote weka kando, nenda hospitali saa hiyohiyo.