Podikasti na video kutoka stoo ya vitambaa, Mwanjelwa

Kipindi changu cha kwanza kilikuwa mvua ya dakika 38. Nilipanda Hiace hadi Tukuyu, Rungwe, kumhoji mzee mmoja aliyeanza ufundi na cherehani ya mkono, tukakaa sebuleni kwake chini ya bati lisilo na dari, nikaweka simu mezani katikati yetu nikabonyeza kurekodi. Anayeijua Rungwe ya mwezi wa tatu hahitaji kusimuliwa. Mzee aliongea maneno ya dhahabu, nami nimebaki na sauti ya bati.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa, Mbeya. Nina chaneli ya YouTube ya kukata na kushona, na podikasti, yaani kipindi cha sauti cha mtandaoni, ambayo mafundi tunapiga soga humo kuhusu kazi yetu. Wenzangu wanaotaka kuanza huniuliza wanunue nini. Nawaambia wasinunue kitu, kwanza wamtafute msikilizaji mmoja wanayemjua kwa jina na sura. Wangu ni shangazi, anauza ndizi Kiwira. Simu yake kioo kimepasuka, bando lake ni la wiki, na kipindi anakisikiliza huku akipanga mikungu. Kila swali la ufundi nalipeleka kwake: shangazi atasikia? Kitammalizia bando? Atafika mwisho kabla mteja hajaja?

Yeye ndiye aliyenifundisha kutenganisha video na sauti. Kola ya shati huwezi kumweleza mtu kwa mdomo. Nilijaribu, na msikilizaji mmoja wa Tunduma akanitumia picha ya kola iliyogeukia ndani, akaandika chini yake, "Nimefuata ulivyosema, dada." Kola ni video. Lakini habari za mteja aliyeondoka na gauni la send-off kwa ahadi ya kulipa Jumamosi hazihitaji sura ya mtu, na shangazi anaweza kuzisikiliza mikono ikiwa kazini. Ukiona kazi yako yote inaonekana kwa macho, anza na video. Ukiwa ni mtu wa maneno, anza na sauti, ni nyepesi na inasamehe mengi.

Kabla ya kurekodi naandika nyuma ya risiti ya oda vitu vitatu tu: kipindi kinahusu nini, sentensi yangu ya kwanza, na mahali nitakapoishia. Siandiki kila neno, kwa sababu nikisoma nasikika kama mtu anayetangaza vifo redioni. Sentensi ya kwanza iingie kwenye jambo moja kwa moja. Najua kwetu salamu ni ndefu, na shangazi mwenyewe ukimpigia bila kuuliza habari za ng'ombe anakasirika wiki nzima. Kwenye kipindi ni tofauti, hana mtu wa kumjibu. Salamu moja, kisha twende.

Sasa sauti, na hapa nitakaa. Watu huvumilia picha yenye ukungu, lakini sauti mbovu wanaikimbia. Kosa la Tukuyu halikuwa mvua peke yake. Simu ilikuwa mezani, mbali na mdomo wa mzee kuliko inavyotakiwa. Kadiri maiki inavyokuwa mbali, sauti ya mtu inapungua haraka, ila ya bati, kuku na bodaboda inabaki vilevile. Kipimo changu ni shubiri moja kutoka mdomoni, na simu iwe pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige uso kwa uso.

Chumba nacho kina kazi yake. Piga kofi moja katikati ya chumba. Likikurudia kama uko kisimani, hapo si pa kurekodia. Nyuma ya kibanda changu kuna stoo imejaa majora ya vitenge na bitana mpaka juu, na hiyo ndiyo studio yangu, kwa sababu kitambaa kinameza mwangwi. Usiye na majora, una blanketi. Hakuna nyumba ya Mbeya isiyo na blanketi zito, na mwezi wa saba tunazo mbili mbili. Tundika moja nyuma yako na jingine mbele, au jifunike nalo kabisa pamoja na simu. Utaonekana kama mtu anayejifukiza, lakini hakuna anayekuona.

Jirani yangu ana overloki, mashine ya kufunga kingo za nguo, na ikianza kuunguruma hakuna podikasti. Kwa hiyo narekodi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla soko halijaamka. Simu naizimia mtandao wote kwa hali ya ndege, maana nimewahi kupoteza robo saa kwa sababu dada yangu alipiga simu kuuliza bei ya lesi na kinasa sauti kikajizima. Halafu narekodi sekunde kumi, naweka hedifoni, nasikiliza. Nikiridhika naanza upya, lakini kwanza nakaa kimya sekunde tano huku kinarekodi. Huo ukimya una faida, nitaurudia.

Mkiwa wawili, kila mmoja awe na simu yake karibu na mdomo, zote zirekodi. Pigeni kofi moja mwanzoni. Kwenye kuhariri utaliona kofi hilo kama mwiba kwenye mistari ya sauti, unapanga mwiba juu ya mwiba na simu mbili zinakuwa kitu kimoja. Mvua ikianza, funga. Kunywa chai. Usijidanganye kwamba utaitoa baadaye.

Maiki ya kubana shatini nilinunua nilipofika kipindi cha kumi na moja, na ya kwanza haikufanya kazi kwenye simu yangu. Kabla ya kulipa, tazama jeki, ile ncha ya waya inayoingia kwenye simu, na uhesabu pete nyeusi. Ya simu ina pete tatu. Yenye mbili ni ya kamera, na kwenye simu itahitaji waya wa kubadilisha. Na kama simu yako haina tundu la hedifoni, tafuta maiki yenye kichwa cha chaja ya simu hiyo. Mjaribishe muuzaji palepale dukani, urekodi na usikilize kabla hela haijatoka mkononi.

Video ni fupi kuieleza. Tumia kamera ya nyuma, futa kioo chake kwa kitambaa safi kwanza, laza simu kwa upana kama ni ya YouTube, isimamishe kama ni ya TikTok au status. Ukae ukitazama dirisha, usiligeuzie mgongo, la sivyo utatoka mweusi kama kivuli. Asubuhi yenye ukungu nje ni taa ya bure, inalainisha kila kitu. Kwa kazi ya mikono nilipitisha ubao juu ya meza ya kukatia, nikafunga simu hapo kwa mpira wa baiskeli, kamera ikitazama chini. Bonyeza kioo mahali penye kazi na ushikilie kidogo mpaka ifunge fokasi, la sivyo kila mkasi unapopita picha inahangaika. Nashona kwa uzi mweusi kwenye kitambaa cheupe hata kama vazi halisi halitakuwa hivyo, ili shangazi auone mshono kwenye kioo chake kilichopasuka. Narekodi vipande vipande, pima, kata, shona, kila kimoja peke yake. Kwenye simu nyingi dakika moja ya ubora wa 1080p inakula kati ya MB 60 na 130, kwa hiyo ukiacha inarekodi saa nzima memori kadi itakuaga njiani.

Kuhariri ndiko sisi mafundi tunakoharibu, tuna mkono mwepesi wa mkasi. Kata mwanzo uliobabaika, kata mahali mlipopotea, na hapo uache. Pumzi na vicheko viache, ni vya binadamu. Picha nahariri kwa CapCut kwenye simu. Sauti natumia Audacity kwenye laputopu ya mdogo wangu, ni ya bure. Hapo ndipo zile sekunde tano za ukimya zinapolipa: unaichagulia programu kipande hicho, inajifunza mlio wa chumba chako ulivyo, kisha inaupunguza kote. Usizidishe, mtu atasikika kama anaongea ndani ya ndoo.

Kabla ya kutoa faili, mkumbuke mwenye bando la wiki. Mazungumzo matupu hayahitaji ukubwa. Ukitoa MP3 ya mono, yaani njia moja ya sauti badala ya mbili, kwa kbps 64, ambacho ni kipimo cha data kwa sekunde, nusu saa inakuwa kama MB 14. Ukiacha kbps 128 inakuwa mara mbili, na masikio ya shangazi hayatajua tofauti. Muziki wa watu usiuguse. Niliweka wimbo uliokuwa unavuma chini ya video yangu ya marinda, YouTube ikaitambua, na mwenye wimbo akaidai video ile. Sasa nina sekunde sita za cherehani yangu ikikimbia, ndizo utambulisho wangu, na hakuna wa kunidai.

Podikasti hairushwi kwenye programu moja moja. Unaiweka kwa mwenyeji mmoja, yaani huduma inayokuhifadhia vipindi mtandaoni, mimi natumia Spotify for Creators kwa sababu hailipiwi, naye anakutengenezea fidi ya RSS. Fidi ni orodha tu inayosema kipindi kipi kiko wapi, na programu za kusikilizia zinaisoma zenyewe kila unapoongeza kipya. Ukitaka kuingia Apple Podcasts, picha ya jalada iwe mraba, pikseli 1400 kwa 1400 kwenda juu mpaka 3000. Shangazi hajui habari za fidi. Yeye namtumia faili lenyewe WhatsApp. Jina la kipindi andika kama mtu anavyouliza: "Jinsi ya kukata kola ya shati la shule" inapatikana, "Karibuni sehemu ya pili" haipatikani.

Kuna mambo ya sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilianza 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, kwa hiyo ulichoambiwa kijiweni huenda kimeshapitwa na wakati. Ukikusudia kugusa habari na matukio, kaulize TCRA kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Na mteja anayepimwa usimrekodi bila ruhusa yake, tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi naomba ruhusa kwa sauti, inabaki ndani ya rekodi yenyewe.

Hela? Kwa video ndefu, YouTube inataka watu 1,000 waliosabskraibu na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo ikugawie ya matangazo. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtazamaji anakaa dakika nne, unahitaji kutazamwa mara 60,000, na watu wanaotaka kuona kola si wengi kiasi hicho. Mimi sijafika. Ila kuna mama wa Makambako aliyetazama video ya marinda akanitumia vitambaa vitatu kwa basi, na nauli ya mzigo akalipa mwenyewe.

Kipindi cha wiki iliyopita kilikuwa cha bei za kushona sare. Nilimtumia shangazi usiku, asubuhi akapiga kabla sijawasha pasi. Hakusema kama ni kizuri. Alianza na habari za watoto, akaja kwa ng'ombe, mwisho akauliza, "Sasa wewe, bei ya bitana mbona hukuitaja?"