Somo: Kutumia seli za maabara kukadiria madhara ya dioksini kwa viinitete vya ndege wa porini

Kaloli (korongo marabu) wa Kampala hula majalalani, na takataka zenye plastiki ya PVC zikichomwa ovyo hutoa dioksini. Sumu hii hukaa katika mafuta ya ndege jike na kuingia katika kiini cha yai, hivyo kiinitete hudhurika kabla ya kuanguliwa. Kudunga sumu mayai ya ndege wa porini ili kuhesabu vifo ni ukatili usio wa lazima, kwa kuwa seli zinaweza kutupa makadirio mazuri.

Kwanza, pata vibali vya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na Mamlaka ya Wanyamapori, kisha okota manyoya yaliyodondoka, ambayo yanatosha kutoa DNA.

Pili, soma jeni ya AHR1, kipokezi ambacho dioksini hushikamana nacho ndani ya seli, ukichunguza asidi amino (vijenzi vya protini) za nafasi ya 324 na 380. Kuku, anayedhurika kwa urahisi kuliko wengine, ana isolusini na serini. Fezanti, ndege wa jamii ya kuku aliye katikati, ana isolusini na alanini. Kware wa Japani, aliye mstahimilivu, ana valini na alanini.

Tatu, ingiza jeni hiyo katika seli za COS-7, zilizotokana na figo la tumbili, pamoja na jeni ya kimeng'enya cha kimulimuli, ili seli zitoe mwanga kipokezi kinapoamshwa. Pima kila kemikali peke yake, kwa dozi zinazopanda, na usiiruke hatua hii: TCDD, aina ya dioksini, ndiyo kipimo cha ulinganisho, lakini kwa kware kuna furani (kemikali inayofanana na dioksini) yenye klorini tano iliyo kali kuliko hiyo. Kipokezi cha kuku kipimwe sambamba kila mara.

Nne, linganisha matokeo na dozi zinazojulikana kuua viinitete vya kuku na kware, kisha na kiasi kilichopimwa katika mayai yaliyoshindwa kuanguliwa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, je, njia hii inafaa kwa zebaki ya wachimbaji dhahabu wa Busia?
Hapana, ndugu. Zebaki ya methili, ambayo zebaki ya migodini hugeuka kuwa majini, haidhuru kupitia kipokezi hiki. Hushambulia hasa neva, hivyo tumia seli za neva.

Je, seli zitatuambia ni vifaranga wangapi watakaopona?
Hazitaweza, kwani njaa na maradhi havionekani katika seli. Zinatuonyesha spishi ya kuchunguzwa mapema, na viota vyake vifuatiliwe msimu wote wa kutaga.