Kuitunza na Kuiboresha Land Cruiser ya Zamani katika Mazingira ya Goma

Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa Japani kuanzia 1960 hadi 1984, na zile za mfululizo wa 60 zilizofuata, zina sifa ya uvumilivu ambao hata barabara zetu za mawe ya volkano hazijaweza kuumaliza. Hata hivyo, mtu akishapata gari la namna hiyo, jambo la kwanza analomwambia fundi ni kwamba anataka nguvu zaidi: injini kubwa, magurudumu mapana, gari liinuliwe juu. Mimi naona kazi ianze kwenye breki, ifuate kwenye upoaji wa injini, kisha kwenye hewa inayoingia ndani yake. Nguvu ingoje zamu yake, kwa kuwa mara nyingi gari linaloonekana kuchoka halikupoteza nguvu hata kidogo, ila limezibwa na uchafu au limerekebishwa kwa hali ya hewa ya mahali pengine.

Kabla ya kununua kipuri chochote, liegeshe gari mahali pakavu, uingie chini yake na nyundo ndogo na taa. Gonga chuma cha shasi kwa urefu wake wote, hasa sehemu zinazoshika springi na pale ambapo viungo vimefungwa kwa ribiti. Chuma kizima hutoa mlio mkali, na kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Hapa Goma kuna sababu ya ziada ya kufanya uchunguzi huu: moshi wa volkano ya Nyiragongo hubeba gesi ya salfa ambayo ikikutana na mvua huwa asidi, nayo ndiyo inayotoboa mabati ya nyumba zetu mapema. Asidi hiyo hukaa kwenye mifereji ya paa la gari, chini ya mipira ya vioo na katika kona za milango. Majivu ya volkano yakilidondokea gari, usiyapanguse kwa kitambaa kikavu, maana yana ncha kali kama vioo na yatachubua rangi. Yamwagie maji mengi kwanza, ndipo uoshe.

Sasa breki. Magari mengi ya mfululizo wa 40 yaliyotoka kabla ya 1975 yana dramu (breki za umbo la ngoma) kwenye magurudumu yote manne, na dramu zikiloa maji au zikipata moto kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kuingia Bukavu, hupunguza ushikaji wake. Badiliko lenye faida kuliko yote ninayoyajua ni kufunga diski za mbele, ambazo aghalabu huchukuliwa kutoka kwenye ekseli ya mfululizo wa 60. Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau. Masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) iliyotengenezwa kwa ajili ya dramu huwa na valvu ndogo inayobakiza shinikizo kidogo kwenye mabomba hata mguu ukishaondolewa kwenye pedeli, na shinikizo hilo likiachwa upande wa diski, pedi zitaendelea kuisugua diski muda wote hadi ipate moto. Kwa hiyo, ondoa valvu hiyo upande wa mbele, au tumia masta silinda ya gari lenye diski. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya huchemka mapema. Yabadilishe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama yanaonekana masafi.

Kuhusu upoaji, kumbuka kwamba tunaishi kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, ambapo maji katika sufuria wazi huchemka kwenye digrii zipatazo 95 badala ya 100. Katika rejeta, kinachozuia maji yasichemke mapema ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko. Kifuniko ambacho mpira wake umekauka, ingawa ni cha bei ndogo, kinaweza kuunguza gasketi ya kichwa cha injini. Kibadilishe kwa kingine chenye kipimo kilekile kilichoandikwa juu yake, wala usiondoe thamostati (valvu inayozuia maji yasizunguke hadi injini ipate moto) kwa kuamini kwamba injini itapoa vizuri zaidi. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hulika upesi na hula mafuta mengi.

Vumbi la miamba ya volkano ni adui wa silinda. Magari haya mengi yana kisafisha hewa chenye bakuli la mafuta, kifaa ambacho vijana hukidharau na kutaka kukibadilisha, na mimi ningewasihi wakiache. Kazi yake ni rahisi: hewa hupita juu ya mafuta, vumbi hunaswa humo. Katika majira ya ukavu, kwa gari linalotembea kila siku, fungua bakuli kila wiki. Ukikuta tope zito chini yake, mwaga, osha kwa mazutu (dizeli), kausha, kisha tia mafuta mapya ya injini hadi kwenye alama na usizidishe. Kwenye injini ya mazutu, mafuta yaliyozidi yanaweza kuvutwa ndani ya silinda na injini ikakimbia yenyewe bila kuzimika.

Mwinuko huohuo unagusa pia mchanganyiko wa petroli na hewa. Hewa yetu ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ile ya pwani, lakini kabureta haipunguzi petroli kwa kiwango hicho, na ndiyo maana plagi hutoka zikiwa nyeusi na zenye masizi makavu. Fundi mzuri atafunga jeti (vipande vya kabureta vinavyopitisha petroli) zenye tundu dogo zaidi, hatua moja kwa wakati mmoja, akiangalia plagi kila mara hadi zipate rangi ya hudhurungi. Injini ya petroli ya 2F, ya lita 4.2, kwa kawaida hupangiwa cheche ipigwe digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu. Huku kwetu inaweza kuongezewa digrii 2 au 3, mradi isitoe mlio wa kugongagonga inapopanda mlima ikiwa na mzigo. Nafasi za valvu zake hupimwa injini ikiwa ya moto, milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.35 kwa za kutoa. Ukisikia valvu zinapigapiga kidogo, usihangaike sana: valvu yenye kelele ni heri kuliko ile iliyobanwa ikanyamaza, kwa sababu iliyobanwa huungua.

Injini za mazutu za B, 3B na 2H zina ugonjwa wao, ambao mara nyingi hutibiwa vibaya. Gari hutoa moshi mweusi, mlio wa injini hupanda na kushuka wenyewe gari likiwa limesimama, na mwenye gari huambiwa kwamba pampu ya mazutu imekufa. Lakini nyuma ya pampu hiyo kuna gavana (kifaa kinachopima mazutu ya kuingia kwenye injini) inayoendeshwa na mvuto wa hewa, na ndani yake mna kiwambo cha ngozi kinachokauka na kupasuka. Kukipima si kazi kubwa. Zima injini, chomoa mpira mwembamba unaoingia kwenye gavana, sukuma mkono wa pampu hadi mwisho wa upande wa kuzima, ziba kwa kidole tundu ulipotoka mpira, kisha uachie mkono. Ukibaki pale uliposukumwa, kiwambo ni kizima. Ukirudi polepole hadi mwanzo, hewa inavuja, na kwa kawaida kiwambo ndicho kimepasuka. Badilisha kiwambo na uangalie mpira huo kabla ya mtu yeyote kugusa skrubu za pampu.

Magurudumu ya kipimo cha 7.50R16 yanalitosha gari hili. Makubwa zaidi hupendeza macho, lakini huzidishia mzigo viungo vya ekseli ya mbele, hudanganya kipimo cha mwendo na huchosha breki ulizozitengeneza kwa gharama. Ukiona kwenye vifundo vya mbele, pale magurudumu yanapogeukia, girisi imekuwa nyepesi na inachuruzika, sili ya ndani imekwisha na mafuta ya difu (gia za ndani ya ekseli) yanaiosha girisi; usingoje.

Kwa upande wa umeme, hakikisha kwanza gari lako ni la volti 12 au 24, kwa maana baadhi ya magari haya ya mazutu yalitoka na 24, kisha uzitilie taa za mbele relei (swichi zinazoendeshwa na umeme) na fyuzi zake. Na kama gari lilitoka Uganda au Kenya likiwa na usukani wa kulia, ni afadhali kuuacha hapo kuliko kuuhamisha kwa kuchomelea. Sehemu yoyote ya usukani iliyochomelewa mimi siiamini.

Kazi ikiisha, usianze na safari ndefu. Endesha hadi Sake, mji mdogo ulio magharibi mwa Goma, bila haraka, simama mahali tambarare, na uguse kwa tahadhari habu (kitovu) ya kila gurudumu. Ile inayozidi nyingine kwa moto ina breki inayokokota au beringi iliyokazwa kupita kiasi. Kaza upya pia nati za bolti zinazofunga springi kwenye ekseli, kwani mawe ya barabara yetu huzilegeza katika safari ya kwanza.