Kupima oili ya injini ya lori: hatua kwa wenye magari ya mizigo Unguja na Pemba

Oili ya dizeli huwa nyeusi hata injini ikiwa nzima. Weusi ule ni masizi, na kuyabeba ni sehemu ya kazi ya oili. Ukichovya kidole ukatazama rangi, hujajua kitu. Maabara ndiyo inayojua, kwa sababu kila kipande cha injini kinaposagika huacha chembe za madini yake ndani ya oili. Kwetu visiwani, ambako krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) au slivu (ganda la silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka) mara nyingi husubiriwa ivuke bahari kutoka Dar es Salaam, onyo la mapema lina thamani kubwa sana. Hivi ndivyo tunavyofanya gerejini kwetu Chake Chake.

1. Tayarisha chupa, na oili mpya

Tumia chupa kavu ya maabara yenye kifuniko kinachokaza. Chupa ya maji ya kunywa iache: tone moja la maji lililobaki ndani litasomeka kama gasketi ya silinda hedi imekufa. Pamoja na sampuli ya gari, peleka na sampuli moja ya oili mpya kutoka dumu lile lile. Kalsiamu, zinki na fosforasi hutiwa kiwandani, na bila ya kujua zilianza ngapi huwezi kusoma chochote baadaye. Isitoshe, hapo ndipo oili iliyochakachuliwa inapoumbuka.

2. Chota oili ikiwa moto

Gari iwe imetoka kazini. Lori lililopanda na mzigo kutoka bandari ya Mkoani limeshaichanganya oili vya kutosha. Zima injini, na uchote kabla haijapoa na uchafu kutua chini.

Njia ninayoipenda ni pampu ya mkono yenye mpira mwembamba unaopita kwenye tundu la kijiti cha oili. Pima mpira kwa kijiti chenyewe ili ncha isiguse chini ya karta (bakuli la oili lililo chini ya injini), maana kule kuna tope la siku nyingi. Mpira uwe mpya kwa kila gari. Kama huna pampu, subiri siku ya kumwaga oili: futa vizuri kuzunguka nati ya kumwagia, acha oili ya mwanzo iende, kinga ya katikati. Vaa glavu, oili hiyo inaunguza. Usichote kwenye ndoo wala kwenye filta. Ukishachagua pahala pa kuchotea, usipahame, la sivyo majibu ya leo hayatalingana na ya mwezi ujao.

3. Andika kila kitu

Kilomita za gari, kilomita za oili tangu ibadilishwe, aina ya oili, na lita ulizoongeza. Hili la mwisho madereva hulisahau, na ndilo linalopotosha: oili mpya iliyoongezwa hupunguza namba zote na kuifanya injini mbovu ionekane nzima. Tipa linalonguruma limesimama likisubiri kupakiwa liandikiwe na saa za injini.

4. Peleka haraka

Muulize anayekuuzia oili au vipuri vya mashine nzito maabara anayoitumia. Funga chupa kwenye mfuko na uipeleke kwa boti ya kwanza.

5. Soma majibu kwa makundi

Madini huandikwa kwa sehemu katika milioni (ppm): 10,000 ni asilimia moja. Chuma hutoka kwenye slivu, krenki na gia. Kromiamu hutoka kwenye ringi za pistoni, alumini kwenye pistoni. Risasi, bati na shaba zikipanda pamoja, zitazame beringi. Shaba peke yake kwenye injini mpya mara nyingi hutoka kwenye kipozea oili, na hutulia yenyewe.

Silikoni ni dalili ya vumbi, na hapa nawaomba muwe waangalifu. Udongo na mchanga vina silikoni nyingi, kwa hivyo filta ya hewa ikivuja utaiona ikipanda pamoja na alumini. Lakini vumbi jeupe la mawe ya matumbawe, lile la machimbo na barabara za kifusi Unguja, ni kalsiamu kaboneti. Hilo huongeza kalsiamu, ambayo tayari imejaa kwenye oili, na silikoni inaweza kubaki chini. Lori la kifusi likionesha chuma na kromiamu vinapanda huku silikoni imetulia, bado kagua filta ya hewa na mipira yake.

Sodiamu nayo ina mambo. Ikija na potasiamu, mara nyingi kulanti (dawa ya rejeta ya kupozea injini) inaingia kwenye oili. Ikija peke yake, uliza rejeta inajazwa maji gani: maji ya kisima cha karibu na pwani yana chumvi, na yakivuja ndani ya injini huleta sodiamu bila ya potasiamu. Rejeta ikipungua bila ya kuvuja nje, jibu unalo.

Uzito wa oili ya 15W-40, yaani ugumu wake wa kutiririka, kwenye nyuzi joto 100 uwe kati ya sentistoki 12.5 na 16.3. Ikiwa nyepesi, shuku nozeli inayomwaga dizeli. Ikiwa nzito, masizi au oili iliyoungua. Akiba ya kuua asidi ikifika nusu ya ile ya oili mpya, badilisha oili.

Mashine ya maabara haioni vipande vikubwa vya chuma. Kila ukibadilisha filta ya oili, ikate na uikunjue karatasi yake juani uvitafute.

6. Gawa kwa kilomita, kisha linganisha

Chuma 40 kwenye kilomita 5,000 ni 8 kwa kila elfu. Chuma 60 kwenye kilomita 10,000 ni 6 tu. Namba ya pili ni kubwa, lakini injini ile inalika polepole zaidi. Weka daftari la kila gari.

Namba moja ikiruka ghafla, chota tena kabla ya kufungua injini. Ila maji yakionekana pamoja na risasi inayopanda, gari isitoke tena: mwaga oili, pima presha ya rejeta, na ufungue karta uzione beringi.