Kuitangaza gemu ya michango ukiwa Unguja au Pemba

Kwenye timu yetu ndogo hapa Mlandege mimi ndiye ninayeshughulika na watu: wanaocheza, wanaochangia, wanaouliza itatoka lini. Gemu yetu ni ya mbio za ngalawa, na sehemu ya fedha zake tumezichangisha mtandaoni. Vijana wakiniuliza njia, nawaambia watafute watu kwanza, fedha baadaye.

Sababu iko kwenye kanuni zenyewe. Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha iliyoanza 2009, haina nusu: usipofikia lengo ndani ya muda uliojiwekea, hakuna mchangiaji anayekatwa hata senti, nawe huambulii kitu. Ukifikia, wao wanachukua asilimia 5, na gharama za kupitisha malipo zinakatwa mbali. Zipigie hesabu kabla hujataja lengo. Muda wa kampeni mwisho ni siku 60, ila mwezi mmoja unatosha. Michango humiminika siku za mwanzo na za mwisho, katikati panakauka, kwa hiyo siku ya kufungua uwe na watu wanaokungojea. Weka mapema ule ukurasa wa awali, ambao mtu akiubonyeza anapata taarifa kampeni ikianza.

Tanzania haimo katika nchi wanazoziruhusu kufungua kampeni. Sisi tuna mshirika Uingereza, ndugu wa mwenzetu, ndiye anayetutungia muziki, na kampeni ilifunguliwa kwa jina lake. Wa kwako naye awe mtu wa kazi kweli, maana mbele ya wachangiaji yeye ndiye mwenye ahadi. Wa nyumbani, wengi wao hawana kadi ya benki. Hao tuliwapokea kwa M-Pesa na Airtel Money, kila jina likaandikwa daftarini, na zawadi zao ni zile zile za waliolipa kwa dola.

Hao watu utawapata kwa kuwapa simu waicheze. Usimweleze mtu chochote. Jioni pale Forodhani mimi hukaa pembeni nikatazama kidole kinakwama wapi. Nungwi mvuvi mmoja mzee alicheza kidogo, akanirudishia simu: "Mwanangu, ngalawa haigeuzwi tanga hivi." Tukamkalisha na mchoraji wetu, akamwonyesha namna ya kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, na namna foromali, ule mti wa tanga, inavyohamishwa upande wa pili wa mlingoti. Tukaitengeneza upya, tukampelekea, na kwa ridhaa yake jina lake limeingia mwisho wa gemu. Tangu hapo yeye ndiye anayewaonyesha wenzake pwani, tena kwa fahari. Hakuna tangazo la kulipia ambalo lingetufikisha pale.

Video yako iwe fupi, sekunde kumi na tano hivi, na ianze na mchezo wenyewe, si nembo. Ipunguze uzito, kwa sababu watu wananunua bando kwa shida na video nzito haifunguliwi. Stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24 tu, basi irudie kwa kipande kingine. Mwezi wa Ramadhani tuma baada ya tarawehe, watu wako macho na simu mkononi; kumi la mwisho waache na ibada zao. Februari, wageni wanapojaa Mji Mkongwe kwa tamasha la muziki la Sauti za Busara, kaa na simu mbili zilizochajiwa.

Zawadi! Fulana ziache, posta ya nje itakula mchango wote. Sisi tuliuza maneno. Kila ngalawa kwenye gemu ina msemo nyuma yake, na mchangiaji wa kiwango cha juu anauchagua, ilimradi usiwe wa matusi. Mchangiaji wa Ujerumani aliomba asaidiwe kuchagua, na kundi letu la WhatsApp likabishana usiku kucha kati ya "Wema Hauozi" na "Mgeni Njoo Mwenyeji Apone". Kampeni ilikuwa katikati, pale panapokauka, na ubishi ule ndio ulioleta watu wapya.

Halafu sema ukweli, na useme kabla hujaulizwa. Double Fine, kampuni ya gemu ya Marekani, iliomba dola 400,000 kwenye Kickstarter mwaka 2012 ikapata zaidi ya milioni 3.3, na bado fedha hazikutosha: gemu ikatolewa nusu mwaka 2014, nusu mwaka 2015. Lakini kamera zilikuwa ndani ya ofisi yao tangu mwanzo, na wachangiaji waliiona kazi na ugumu wake. Afrika nako inawezekana: Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, walichangisha Kickstarter 2015 na gemu yao ikatoka 2016. Mimi huandika khabari kila Ijumaa jioni, kwa Kiswahili kwenye WhatsApp na kwa Kiingereza kwenye Discord, mtandao wa makundi ya wachezaji, hata wiki ambayo kilichotengenezwa ni wimbi moja tu. Naweka picha ya hilo wimbi.

Na asiye na fedha usimwache nje. Kijana wa skuli kutoka Wete alituandikia kuwa gemu inazima kwenye simu yake ya zamani. Ndiye aliyetuokolea wenye simu kama hiyo wote. Andika orodha ya aina za simu ambazo hamjaijaribia gemu, itume kwenye kundi, na kila atakayejaribu umwandike kwenye ukurasa ule ule wa majina ya waliochangia.