Somo: Kujenga hadithi fupi ya maneno 2000

Somo hili ni la yule anayejua kuisimulia hadithi barazani ikawakalisha watu, lakini akiiweka kwenye karatasi inapooza. Unahitaji daftari, kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo, na mtu mmoja mvumilivu wa kukusikiliza.

Miswada mingi ya wanaoanza, Unguja na Pemba, haina upungufu wa lugha. Lugha ipo, tena tamu. Kinachokosekana ni kitu cha kumbana mhusika. Jua linachomoza ukurasa mzima, minazi inayumba, jogoo anawika, na mpaka ukurasa wa tatu hakuna mtu anayetaka chochote. Kwa hiyo tunaanza na kubana.

Hatua ya 1. Andika sentensi moja, isizidi maneno 30, yenye mambo manne: nani, anataka nini, nini kinamzuia, na mwisho lini. Mfano tutakaoutumia somo zima ni huu:

Mize, mjane wa Mtambwe, anataka kuuza karafuu alizoanika ili amlipe shemeji yake deni kabla ya Ijumaa, lakini hazijakauka na mvua ya vuli imeshafunga.

Wengi husahau lile la nne. Ukiondoa “kabla ya Ijumaa” Mize anaweza kungoja jua, na hadithi imekufa. Angalia pia kwamba kizuizi kimetoka kwenye kazi yenyewe. Karafuu zinataka siku tatu hadi tano za jua zuri, na kilo 3 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu. Iliyokauka ukiivunja inakatika. Yenye maji inapinda. Zikilundikwa na unyevu zinachacha na kupauka, na kwenye kituo cha kununulia karafuu zitakataliwa au zitashushwa daraja. Mnunuzi halali ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, hivyo Mize hana duka la pili la kupeleka. Usipoijua kazi ya mhusika wako kwa kiasi hiki, mpe kazi unayoijua.

Hatua ya 2. Mpe majaribio matatu, na kila moja limgharimu zaidi ya lililopita. Ngano za bibi zetu zilijua hili zamani: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wimbo katikati. Mize kwanza anajaribu kuzikaushia ndani, anazigeuza usiku kucha; hapo analipa kwa jasho. Pili anakwenda kwa shemeji kuomba muda. Analipa kwa heshima yake. Tatu anakuja mtu wa dau anayetaka kuzinunua hivyo hivyo, mbichi, azivushe kwa magendo. Hapo atalipa kwa kitu asichoweza kukirudisha. Ukiyapanga kinyume, dau kwanza na jasho mwisho, msomaji ataona hadithi inateremka.

Hatua ya 3. Gawa maneno. Kwa 2000, maonyesho manne yanatosha: 300 ya mvua kushuka na karafuu kuingizwa ndani, 500 ya usiku wa kuzigeuza, 700 ya nyumbani kwa shemeji, 500 ya mtu wa dau. Onyesho ni mahali pamoja, wakati mmoja, na jambo moja linalobadilika. Kama Mize ametoka kwa shemeji akiwa na hali ile ile aliyoingia nayo, futa, hata kama umeandika vizuri.

Hatua ya 4. Amua nani anatazama. Kwa hadithi ya kwanza tumia nafsi ya tatu iliyobanana na mtu mmoja: tunaona anachoona Mize, tunasikia anachosikia, basi. Shemeji anawaza nini hatujui, na kutojua huko ndiko kunakotia hofu.

Hapa Kiswahili kina mtego wake. Kiambishi “a-” kinabeba mwanamme na mwanamke, mkubwa na mdogo. “Alimwambia atamlipa akimpa nafasi” – nani anamlipa nani? Wewe unajua kwa sababu hadithi ni yako. Tumia jina au cheo cha udugu: “Mize aliahidi kulipa, shemeji ampe nafasi tu.” Kila aya yenye watu wawili, mwandishi airudie akitafuta mtego huu.

Hatua ya 5. Andika rasimu bila ya kurudi nyuma. Onyesho moja kwa mkao mmoja. Neno likikupotea weka mstari, endelea.

Hatua ya 6. Punguza “-ka-”. Hili ndilo kosa linaloonekana zaidi kwa waliozoea kusimulia kwa mdomo:

Mize akaamka akatoka akaona wingu akachukua jamvi akakunja akaingiza ndani akaketi.

Barazani sauti na mikono hutofautisha vitendo hivyo. Kwenye karatasi vyote vimekuwa na uzito mmoja, kuamka sawa na kuokoa mali. Fungua kwa “-li-”, fuatisha “-ka-” mbili au tatu, kisha simama. Weka sentensi ya hali, ndipo uanze upya:

Mize alitoka, akaona wingu. Jamvi lilikuwa limeshapata matone ya mwanzo. Alilikusanya pembe nne na karafuu zake ndani, akaliburura hadi ukumbini.

Vitendo ni vichache, lakini cha mwisho sasa kina uzito.

Hatua ya 7. Mazungumzo. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

“Assalaam alaykum, shemeji.”
“Waalaykum salaam, Mize. Hujambo? Watoto hawajambo?”
“Hawajambo. Nimekuja kuhusu lile deni. Kama unavyojua, marehemu mume wangu alikukopa pesa mwaka jana ili tununue bati.”

“Kama unavyojua” ni ushahidi kwamba Mize anazungumza na msomaji, shemeji hahitaji kuambiwa. Habari ya bati iweke kwenye onyesho la kwanza, mvua ikigonga bati hilo hilo. Salamu nazo zinakula maneno. Kwetu salamu ni ndefu na lazima, lakini hadithini iandike pale tu inapofanya kazi: imejibiwa nusu, imecheleweshwa, au shikamoo imenyimwa. Msomaji wa hapa akiona kijana amempita mzee bila shikamoo, huhitaji kumweleza kwamba pana ugomvi.

Sasa jaribu tena:

Alipiga hodi mara tatu.
“Karibu,” shemeji alijibu kutoka ukumbini, hakuinuka.
“Mvua hii, shemeji.”
“Mvua ya Mungu.”
“N'na gunia mbili ndani. Zingepata jua la siku mbili tu.”
“Ijumaa ni keshokutwa, Mize.”

Neno deni halikutajwa hata mara moja.

Hatua ya 8. Kagua maji, mwezi na upepo. Visiwani msomaji atakukamata hapa kabla ya pengine popote. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kati ya kujaa na kupwa, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, huja katikati yake. Siku za bamvua maji hupwa sana karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni.

Tumia hesabu hiyo kwa mtu wa dau. Anataka giza, basi ni mwezi mwandamo. Lakini mwezi mwandamo ni bamvua, na saa sita za usiku hori la mikokoni bado ni tope. Dau la kuondoka “usiku wa manane, maji yamejaa, giza totoro” halipo. Linaondoka kama saa kumi, na adhana ya alfajiri haiko mbali. Ona zawadi uliyopata bila ya kubuni: Mize anatakiwa aamue kabla ya adhana, na magunia yabebwe wakati waumini wanakaribia kuamka. Ukikosea maji umepoteza pia onyesho lako bora.

Pepo ni rahisi zaidi. Kaskazi kama Disemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, masika kati ya Machi na Mei, vuli Oktoba hadi Disemba. Usimvushe mtu kwa tanga kuelekea kusini wakati kusi inavuma kwa nguvu, ukasema safari ilikuwa nyepesi.

Hatua ya 9. Weka mswada wiki nzima usiutazame. Kisha soma kwa sauti mbele ya yule mvumilivu. Usimuulize kama ni nzuri, maana atakwambia nzuri. Mtazame anapojikuna, anapotazama simu. Tia alama hapo. Halafu kata maneno 200. Aya ya kwanza na ya mwisho ndizo za kuanzia: ya kwanza mara nyingi ulikuwa unajinyoosha, na ya mwisho unatoa mawaidha.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mahali pake)

Wete: Shikamoo mwalimu. Methali ziwe ngapi? Skuli tuliambiwa zinapamba.

Marahaba. Moja yatosha, nayo itoke mdomoni mwa mhusika, si kwa msimulizi. Bora zaidi apatikane wa kuipinga. Shemeji akisema “dawa ya deni kulipa”, Mize anyamaze au ajibu kwa ukali. Hapo methali imekuwa silaha. Msimulizi akifunga hadithi kwa methali, amemfanyia msomaji hesabu ambayo angependa kuifanya mwenyewe.

Makunduchi: Naweza kuandika mazungumzo kwa Kikae, lahaja yetu ya huku?

Unaweza, na watu wako watafurahi. Masimulizi yaache kwenye Kiswahili cha wote, mdomo wa mhusika uwe wake. Chagua maneno machache ambayo mazingira yatayafafanua, yarudie bila ya kubadilisha tahajia, na usiweke maelezo chini ya ukurasa. Usibuni lahaja usiyoizungumza. Mpe mwenyewe asome. Na kumbuka watu hubadilisha ndimi: mtu wa shamba akifika Darajani kununua kitu husema vyengine kabisa, na kubadilika huko kunaonyesha tabia kuliko maelezo ya aya nzima.

Malindi, mjini: Kisa changu ni cha kweli, kimetokea mtaani. Nikiandika watajuana.

Watajuana, kisiwa kidogo. Badilisha vitu vitatu kwa pamoja: kazi, mahali na udugu. Mwenye duka awe mvuvi, Malindi iwe Micheweni, kaka awe mjomba. Kubadilisha jina peke yake hakufichi kitu. Hata jina lenyewe lichague kwa uangalifu: Faki na Hamad mara nyingi humpeleka msomaji Pemba, Vuai na Pandu humrudisha Unguja. Kibakishe kile kilichokufanya utake kuandika, kwa kawaida ni tendo moja au neno moja. Na kama kisa kina siri ya mtu aliye hai ambayo ingemvunjia nyumba, hata kubadilisha vitu kumi hakutoshi, kiache.

Mkoani: Naandika kwenye simu, si kwenye daftari. Kuna ubaya?

Hakuna, ila zima sahihisho la maneno, maana litageuza “akapwelewa” kuwa kitu chengine nawe usione. Onyesho likikamilika jitumie nakala.

Jambiani: Hadithi ya maneno 2000 ichukue wahusika wangapi?

Wenye majina, wawili au watatu. Wengine waitwe kwa kazi au udugu. Shemeji wa Mize hatukumpa jina somo zima na hakuna aliyemtafuta. Ukiona umeongeza mtoto, jirani na imamu, muulize kila mmoja: nikikutoa, nani atalazimika kufanya kitu kigumu zaidi? Kama jibu ni Mize, basi mtoe, Mize akifanye mwenyewe.